Maswali ya Wasomaji: Mapenzi ya Uzeeni na Tamthilia ya Last Tango in Halifax

Katika toleo lililopita tuliandika kuhusu Last Tango in Halifax, tamthilia ya familia iliyoanza kuonyeshwa na BBC nchini Uingereza mwezi Novemba 2012, na tangu hapo barua za wasomaji hazijakatika. Kwa ambaye makala ile ilimpita, kisa chenyewe ni hiki: Celia Dawson, mjane, na Alan Buttershaw, mgane, wote wa umri wa miaka sabini na kitu, walipendana wakiwa vijana wadogo, kisha familia ya Celia ikahama mji na mawasiliano yakakatika. Miaka karibu sitini baadaye wajukuu wao wanawaingiza Facebook, wanatafutana, wanakutana kwa kahawa katika mji wa Skipton, na muda si muda wanawatangazia watoto wao kwamba wanataka kuoana. Barua zilizochaguliwa hapa zimefupishwa, na majina ya walioziandika yamehifadhiwa.

SWALI: Mimi ni mwanamke wa miaka 41, kifungua mimba katika familia ya watoto watano. Mama yetu alifariki miaka minne iliyopita, na baba, ambaye sasa ana miaka 70, anaishi peke yake hapa Tanga. Mwezi uliopita alituita akatuambia anataka kumwoa mama mmoja wa Muheza, mjane, waliyesoma naye zamani. Wadogo zangu wamekasirika, na mmoja amesema baba anamvunjia mama heshima hali yupo kaburini. Baada ya kusoma makala yenu niliitafuta tamthilia ile, nikaona watoto wa Alan na Celia nao walishtuka lakini wakakubali. Je, watoto tuna haki ya kusema hapana? – Kifungua Mimba, Tanga

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa msiba wa mama. Miaka minne si mingi kwa aliyefiwa na mzazi, na hasira ya wadogo zako nadhani ni huzuni ambayo bado haijapata pa kutulia. Nakujibu waziwazi kwanza, kisha nitaeleza. Watoto wana haki ya kuambiwa mapema, kuuliza na kujibiwa kwa heshima, lakini hawana haki ya kumzuia baba yao mwenye akili timamu asimwoe mwanamke aliye huru kuolewa naye. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haimtaki mtu mzima alete idhini ya watoto wake, na kifungu chake cha 68 kinasema kwamba mwanamke aliyefiwa na mumewe yuko huru kuishi anakotaka, kubaki bila mume, au kuolewa tena na mwanamume anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vinginevyo. Kwa hiyo yule mama wa Muheza naye analindwa, na ukoo wa marehemu mumewe hauwezi kumwekea kizuizi.

Angalia sasa tamthilia ilivyolichukua jambo hili. Alan na Celia hawaombi ruhusa, wanatangaza. Mwandishi hapotezi vipindi kuuliza kama wazee wawili wanaruhusiwa kupendana, kwa sababu hilo kwake limekwisha kuamuliwa na wenyewe, na kinachobaki ni namna familia mbili zisizofanana zitakavyojifunza kula meza moja. Tena watoto hawana pa kusimama wakahukumu. Caroline, binti wa Celia, ni mwalimu mkuu ambaye mumewe alimwacha akamfuata mwanamke mwingine, na sasa anataka kurudi. Gillian, binti wa Alan, ni mjane anayehangaika na shamba la mifugo mlimani na ambaye uhusiano wake na shemeji yake, askari polisi, umejaa mambo yasiyosemwa. Mara nyingi katika vipindi vya mwanzo wazee ndio wenye utulivu, na vijana ndio wanaokwenda mbio huku na huko.

Hata hivyo yapo maumivu ya kweli, na hapa inafaa tutue, kwa sababu ndipo walipo wadogo zako. Celia alipohama na wazazi wake, alimpa msichana mmoja aitwaye Eileen ujumbe wenye anwani yake mpya ili amfikishie Alan. Eileen hakuufikisha. Baadaye Eileen huyohuyo akaolewa na Alan, akamzalia Gillian, wakaishi pamoja mpaka kifo. Maana yake, furaha mpya ya baba inafungua faili la mama, tena mama ambaye hayupo kujitetea. Kwa Gillian habari hiyo haiwezi kuwa hadithi tamu ya wapenzi waliopotezana. Ni kama kuambiwa kwamba yeye mwenyewe amezaliwa kwa sababu ya karatasi iliyofichwa. Naamini wadogo zako wanaogopa kitu cha jinsi hiyo, yaani kwamba huyu mama wa Muheza, kwa kuwa alikuwapo tangu shuleni, ndiye aliyekuwa moyoni miaka yote na mama yenu alikuwa wa kuziba pengo. Hofu hiyo haiondolewi kwa kuwaambia wanyamaze. Inaondolewa na baba mwenyewe, kwa kukaa nao na kuzungumza habari za mama kwa jina lake, kwa mapenzi, bila haraka ya kurukia habari za harusi. Alan hakuikana ndoa yake na Eileen ili ampendeze Celia, na kwangu hiyo ni moja ya sababu za kumwamini.

Jambo jingine: katika msimu wa pili Alan na Celia walikwenda kwa msajili wa ndoa kimya kimya, kama sisi tunavyofunga ndoa ya bomani, bila kuwaambia watoto. Watoto walipojua waliumia, na ikabidi ifanyike sherehe nyingine mkesha wa Krismasi ili kila mtu awepo. Baba yako amekwisha kufanya vizuri zaidi kuliko Alan, kwa maana amewaita na kuwaambia. Mwombe baba mdogo au shangazi mmoja anayeheshimiwa na wote akae na wadogo zako, kwa sababu wewe kama dada mkubwa utaonekana umechukua upande. Na ukubali moyoni kwamba umeuchukua. Watu husema ng'ombe hazeeki maini, wakacheka, kana kwamba hamu ya mzee ya kupendwa ni kichekesho. Baba yako hatafuti mtu wa kumpikia na kumkumbusha dawa za presha tu. Anatafuta mtu wa kuzungumza naye jioni anayezikumbuka nyimbo alizozikumbuka yeye, na hilo watoto watano wenye mapenzi yote hamuwezi kumpa.

SWALI: Naomba kujua tamthilia hii iliandikwa na nani, ina vipindi vingapi, na kama kisa chake ni cha kweli. – Msomaji, Nairobi

JIBU: Iliandikwa na Sally Wainwright, mzaliwa wa Yorkshire, mwandishi huyohuyo wa Happy Valley na Gentleman Jack. Kiini chake ni cha kweli: mama yake mwandishi, baada ya kufiwa na mume, alipatana tena na mtu aliyemfahamu tangu ujanani kupitia mtandao wa kuwatafuta marafiki wa zamani, na wakaoana. Mengine yote, yaani mabinti, siri, shamba na shule, ni ubunifu.

Msimu wa kwanza wa mwaka 2012, wa pili wa 2013 na wa tatu ulioanza mwishoni mwa 2014 una kila mmoja vipindi sita. Vikafuata vipindi viwili vya Krismasi mwaka 2016 na vinne vya mwisho mwaka 2020, jumla 24. Alan ameigizwa na Derek Jacobi na Celia na Anne Reid. Sarah Lancashire ni Caroline na Nicola Walker ni Gillian. Mwaka 2013 ilipata tuzo ya BAFTA ya tamthilia bora ya mfululizo, na mwaka uliofuata Lancashire akapata yake kwa nafasi ya Caroline.

SWALI: Ni mjane wa miaka 62, Mombasa. Nimeposwa na mwanamume mtu wa dini, mgane, na nimempenda. Wiki iliyopita alinieleza kwamba kabla ya ndoa yake ya kwanza alizaa mtoto na mwanamke mwingine, mtoto huyo sasa ni mtu mzima anayeishi Malindi, na watoto wake wa ndoa hawajui. Ameniomba niitunze siri hiyo. Nimeona katika ile tamthilia Alan naye alikuwa na mtoto asiyejulikana. Nifanye nini? – Mama wa Mombasa

JIBU: Mama yangu, kwanza mshukuru kwa kukwambia kabla ya nikaha, kwa sababu wengi husubiri mpaka ndoa imefungwa ndipo waseme, na wengine hawasemi kabisa mpaka mambo yafumukie msibani.

Kisa cha Alan kinafanana na chenu kwa sehemu tu. Yeye hakujua kwamba ana mtoto. Miaka mingi nyuma, akiwa mume wa mtu, aliteleza na mwanamke mwingine, na katika msimu wa tatu anatokea Gary, mwanamume mzima mwenye fedha zake, akidai kuwa mwanawe. Alan anababaika namna ya kumwambia Celia, na Celia anapojua hasira yake inakuwa kubwa kupita kiasi machoni pa mtazamaji asiyemfahamu. Lakini Celia aliishi miaka mingi na mume aliyemdanganya kwa wanawake wengine. Alan ndiye aliyekuwa mwanamume tofauti, ndiye ushahidi kwamba si wote walio hivyo, na ghafla hata huyo ana doa lilelile. Kosa lilikuwa la zamani sana na halikufanywa dhidi yake, ila liligusa kidonda chake kilekile. Nakuomba ujiulize kwa utulivu kama na wewe unacho kidonda cha namna hiyo, kwa sababu ukiwa nacho afadhali umwambie mchumba wako sasa kuliko kukubali kwa ulimi na kukasirika baadaye.

Kuhusu siri yenyewe, naona hukupaswa kubebeshwa mzigo huo, na una haki ya kuurudisha kwa upole kwa mwenyewe. Mtoto wa Malindi ana umri wa kujitokeza siku yoyote. Akijitokeza wakati wewe ni mke na ulikuwa unajua, watoto wa mume wako watakuona wewe ndiye uliyeshirikiana na baba yao kuwaficha, na imani hiyo ikishaingia haitoki. Mwambie kwamba hutamtangaza, kwamba maneno ni yake na ulimi ni wake, lakini ungependa awaeleze watoto wake kabla hujaingia nyumbani kwao. Kama anaona haya kuwakabili wote, aanze na yule aliye karibu naye zaidi, au ampeleke kadhi au sheikh anayemwamini akakae naye. Usimpe siku ya mwisho kama anayedai deni. Mpe nafasi, ila nikaha yenyewe ingoje mpaka amesema. Eda yako imekwisha zamani, hakuna kinachokuharakisha.

SWALI: Naishi Leeds na nimekuwa nikiitazama tamthilia hii na wanangu waliozaliwa huku. Wanasema watu wa Harrogate na wa Halifax hawasemi wala kuishi sawa. Je, mwandishi alikusudia? – Baba wa Leeds

JIBU: Alikusudia kabisa, na wanao wana sikio zuri. Halifax iko katika bonde la Calder, West Yorkshire, mji uliojengwa kwa sufi na vitambaa. Jengo lake maarufu la Piece Hall, lililofunguliwa mwaka 1779, lilikuwa soko ambapo wafumaji wa vijijini walileta vitambaa vyao kuuza. Shamba la Gillian limo katika vilima vya upande huo, penye matope, kuta za mawe na bili zisizolipika, na yeye mwenyewe anaongeza kipato kwa kufanya kazi dukani. Harrogate iko kaskazini zaidi, mji uliopata jina kwa maji yake ya tiba na kwa wageni wenye uwezo waliokuja kuyanywa, na huko Caroline ana nyumba kubwa na wadhifa wa heshima shuleni. Celia anaishi kwenye nyumba ndogo ndani ya kiwanja cha binti yake na anajivunia sana kwamba bintiye alisoma Oxford.

Kwa hiyo ndoa hii inaunganisha pia tabaka mbili. Celia ni mhafidhina, Alan ni mtu wa mrengo wa kushoto, na mara kadhaa wanagombana juu ya hilo. Mwaka 2020, katika vipindi vya mwisho, Alan anaajiriwa katika duka kubwa na Celia hapendezwi hata kidogo kuwa mke wa mtu wa kupanga bidhaa kwenye rafu. Wamekwisha kuoana kwa miaka kadhaa wakati huo, na bado hawajamaliza kujuana.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 68 na sikufurahishwa na tamthilia mliyoisifu. Inawaonyesha wazee wakigombana, wakisema uongo na kuwakosea watoto wao. Celia anamkataa binti yake kwa kuwa anampenda mwanamke. Je, hayo ndiyo ya kuwaonyesha wajukuu? – Mzee wa Temeke, Dar es Salaam

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa kuandika bila kuficha. Ninaheshimu msimamo wako, na najua kwamba kuhusu uhusiano wa Caroline na mwalimu mwenzake Kate wasomaji wetu wengi wana imani zao ambazo barua moja haitazibadilisha. Hata hivyo nakuomba uitazame tena sehemu ile kwa jicho la mzazi.

Celia anapoambiwa na binti yake, maneno yake ni makali na ya kudhalilisha. Anayekerwa kwanza ni Alan, ambaye anaona sura ya mchumba wake asiyoijua na kuondoka. Ni katika siku hizohizo anapata mshtuko wa moyo, na nusura wapotezane mara ya pili, safari hii moja kwa moja. Wanapatana hospitalini. Mtazamaji hudhani Celia amejifunza. Hakujifunza, au alijifunza nusu, kwa sababu katika msimu wa tatu Caroline na Kate wanapofunga ndoa, Celia anakataa kuhudhuria. Siku moja baada ya harusi Kate, akiwa mjamzito, anagongwa na gari na kufa, mtoto anaokolewa. Celia anarudi kwa bintiye aliyefiwa, mwenye mtoto mchanga mikononi, na siku ile ya harusi aliyoikataa haiwezi kurudishwa na mtu yeyote. Mwandishi hamhubirii wala hamwadhibu kwa maneno ya mhusika mwingine. Anamwacha aishi nalo.

Mzee wangu, mimi naona hiyo ni heshima kwa wazee. Katika tamthilia nyingi mzee huwekwa pembeni kutoa baraka, kukohoa, kuugua na kufa ili vijana waendelee na mambo yao. Hana kosa kwa sababu hana maisha. Celia ana makosa kwa sababu bado anaishi, bado anaamua, na maamuzi yake bado yanaumiza na kuponya watu. Kumwonyesha mtu wa miaka sabini na kitu akiwa na uwezo wa kukosea na wa kubadilika ni kukiri kwamba hajamalizika. Mjukuu akiona hivyo hatamdharau babu yake. Huenda akaanza kumuuliza mambo ambayo hajawahi kumuuliza.

SWALI: Ninaandika tamthilia ya Kiswahili kuhusu wazee wawili wa Morogoro wanaopendana. Waandaaji wawili wameniambia hakuna atakayetazama, niwafanye wawe na miaka 45. Ninaweza kujifunza nini kutoka kwa Wainwright? – Mwandishi Chipukizi, Morogoro

JIBU: Usiwapunguzie miaka. Wakati kipindi cha kwanza kinaonyeshwa Derek Jacobi alikuwa na miaka 74 na Anne Reid 77, na nguvu ya tamthilia inatoka palepale: watu hawa hawana muda wa kupoteza, nao wanajua, ndiyo maana wanaamua kwa haraka ambayo kwa kijana ingekuwa upumbavu. Ukiwafanya wawe na miaka 45 utalazimika kubuni sababu nyingine ya haraka hiyo, na haitakuwa na uzito uleule.

La pili, usiiweke ndoa mwishoni. Mwandishi mwingine angetumia msimu mzima kuuliza kama watakubaliana, kisha afunge na harusi. Wainwright anawakubalisha mwanzoni kabisa, baada ya siku ambayo gari la Alan linaibwa na wao wawili wanamfukuza mwizi kama vijana, na vipindi vyote vinavyobaki vinahusu gharama na matunda ya neno ndiyo. Kwetu kuna utajiri mkubwa zaidi wa mambo ya namna hiyo: nani atakwenda kuposa kwa mwanaume wa miaka 72 ambaye wazee wake wote wamekufa, mahari apokee nani, mtoto wa kiume wa bibi harusi atakaa upande gani siku ya kujibu posa, na picha ya marehemu ukutani itabaki sebuleni au itahamia chumba cha wageni. Andika hilo la picha. Mwonyeshe mama mpya akiishusha ili aifute vumbi, na mtoto anaingia wakati huohuo akadhani anaiondoa.

La tatu, wape mabinti au wana wa pande zote mbili maisha yao kamili, maana Caroline na Gillian wanaoanza kwa kutopendana na kuishia kuwa ndugu wa kweli ndio wanaobeba nusu ya tamthilia. Na wazee wako wacheke. Alan na Celia wanataniana tangu kikombe cha kwanza cha kahawa, na mtazamaji anaelewa kwa nini wanatakana bila mtu kumwambia.

SWALI: Mimi na mchumba wangu, wote tumefiwa, yeye ana watoto watatu na mimi wawili. Mimi nina shamba na nyumba Nakuru, yeye ana nyumba Thika. Watoto hawasemi, lakini tunajua wanawaza mirathi. Ile tamthilia haikutusaidia sana hapo. Tuanzie wapi? – Mgane wa Nakuru

JIBU: Ni kweli, kaka, tamthilia inagusa fedha mara nyingi lakini haimpi mtazamaji mwongozo wa sheria. Hata hivyo wahusika wake, kama wangekuwa watu halisi, wangepaswa kujua jambo moja linalowahusu na ninyi pia: chini ya sheria ya Uingereza na Wales, iliyoanzia katika Sheria ya Wosia ya mwaka 1837, mtu akioa au kuolewa wosia wake wa awali hubatilika, isipokuwa uwe uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Kenya imefuata njia hiyohiyo katika kifungu cha 19 cha Sheria ya Urithi. Kwa hiyo kama uliandika wosia baada ya mkeo kufariki, ukawagawia watoto wako wawili shamba na nyumba, siku utakapofunga ndoa mpya karatasi hiyo haina nguvu tena, na watoto wanaoamini kwamba baba alikwisha kupanga watagundua siku ya maziko kwamba hakuna mpango.

Anzeni kwa kukaa wawili na kuorodhesha kilicho cha kila mmoja kabla ya ndoa, pamoja na madeni. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inawaruhusu wanaotarajia kuoana kufanya makubaliano kuhusu haki zao za mali kabla ya ndoa, na kwa watu wa umri wenu, wenye watoto wa pande mbili, sioni haya yoyote katika kuitumia nafasi hiyo. Wosia mpya uandikwe kila mmoja wake, kwa wakili, ukieleza wazi kwamba umeandikwa kwa kuitazamia ndoa na mtu fulani kwa jina lake. Vinginevyo uandikeni upya mara tu baada ya ndoa. Semeni pia atakayebaki hai ataishi wapi na kwa muda gani, kwa sababu ugomvi mwingi wa mama wa kambo na watoto huanza siku ya kudaiwa funguo. Kama mmoja wenu ni Mwislamu mambo yanabadilika: wosia hauwezi kuzidi theluthi moja ya mali, mke hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, pale mume anapoacha watoto, na mume hupata robo pale mke anapoacha watoto, kwa hiyo mshauri wa kwanza awe kadhi.

Baada ya hapo waiteni watoto wote watano kwa pamoja, si kwa zamu, nyumbani kwa mmoja wenu, na wasomeeni mlichoamua. Hamuwaombi kura. Waacheni waulize hata maswali yanayoudhi, mjibu mnayoweza siku hiyohiyo na mengine mumpelekee wakili, kisha nakala moja ibaki kwake na nyingine kwa mtoto mmoja wa kila upande.